Jinsi Mahakama za Juu za Uingereza Zinavyoamua Mashauri ya Wahamiaji

Ziko nyumba nyingi katika Afrika ya Mashariki, za mjini na za mashambani, ambazo zina mtoto, ndugu au mkwe anayeishi Uingereza. Siku moja habari huja kwamba ndugu huyo amepata barua kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya huko, nayo barua yasema kwamba ombi lake la kukaa limekataliwa na kwamba yampasa kuondoka. Hapo maneno mengi huanza kusemwa. Mmoja husema shauri limekwisha, afunge mizigo. Mwingine husema aende moja kwa moja kwa majaji wakuu wa London wakamwonee huruma. Wote wawili wamekosea, na makosa ya namna hiyo yamewapotezea watu fedha nyingi na muda, na katika mambo haya muda ndio ulio haba zaidi.

Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kueleza hapa jinsi shauri la uhamiaji linavyopanda kutoka meza ya ofisa hata kufika mbele ya majaji wa Mahakama ya Juu, na mambo ambayo majaji hao huyatazama, na yale wasiyoyatazama kamwe. Mifano tutakayoitoa yahusu watu wa Kenya, Uganda na Tanzania, na nchi ya Rwanda. Hatukuichagua kwa upendeleo. Mtu akisoma hukumu kubwa za Uingereza juu ya wageni ataona kwamba sehemu yake si ndogo imetokana na mashauri ya watu wa pande zetu.

ZAMANI HAPAKUWA NA RUFANI

Chini ya sheria ya mwaka 1905 palikuwapo mabaraza katika bandari za Uingereza yaliyosikiliza malalamiko ya wageni waliokataliwa kuingia. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza mabaraza hayo yalikoma, na kwa zaidi ya miaka 50 mgeni aliyekataliwa bandarini hakuwa na baraza lo lote la kulikatia rufani. Aliweza kuomba Mahakama Kuu itazame kama alikuwa amezuiliwa kinyume cha sheria, lakini majaji waliuliza tu kama ofisa alikuwa na mamlaka ya kutenda alivyotenda. Kama alikuwa nayo, basi, neno lilikwisha hapo.

Mwaka 1967 kamati iliyoongozwa na Sir Roy Wilson ililitazama jambo hili. Kamati iliona si haki, wala haipatani na utawala wa sheria, kwamba maisha yote ya mtu yaamuliwe na maofisa wa Serikali ambao uamuzi wao hauwezi kupingwa mahali po pote. Kutokana na shauri la kamati hiyo Bunge likatunga Sheria ya Rufani za Uhamiaji ya mwaka 1969, na mwaka uliofuata waamuzi wa kwanza wakaanza kazi, na juu yao likawekwa baraza la rufani.

Lakini kabla wino wa kamati haujakauka lilitukia jambo ambalo Wakenya wenye umri mkubwa hawajalisahau. Kenya ilipopata Uhuru tarehe 12 Desemba, 1963, Waasia waliokaa hapa walipewa miaka miwili ya kuomba uraia wa Kenya. Wengi hawakuomba, wakabaki na paspoti zao za Kiingereza. Mwaka 1967 sheria mpya za Kenya juu ya uhamiaji na leseni za biashara zikawataka wasio raia wapate vibali, nao wakaanza kuondoka kwa maelfu kwenda Uingereza, nchi iliyowapa paspoti. Hapo Serikali ya Kiingereza ikaogopa. Kwa siku tatu tu Bunge la London likapitisha sheria, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Machi, 1968: mwenye paspoti ya Kiingereza ambaye yeye mwenyewe, au mzazi wake, au babu au bibi yake, hakuwa na asili ya Uingereza, hakuweza tena kuingia bila kibali maalum. Watu walirushwa kwa ndege kutoka uwanja hadi uwanja, paspoti mkononi, wala hapakuwa na nchi iliyowataka.

Mahakama za Uingereza hazikuweza kuifuta sheria ile, maana huko Bunge ndilo kubwa, na jaji hana uwezo wa kuitangua sheria iliyotungwa na Bunge. Jambo hili msomaji wa Kenya alikumbuke sana, kwa kuwa kwetu Katiba ya mwaka 2010 yaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuitangaza sheria kuwa batili, na kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba kila nchi ni vivyo hivyo. Wale watu wakapeleka malalamiko yao Strasbourg, nchini Ufaransa, kwa Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwezi wa Desemba, 1973, Tume ikatoa taarifa yake: kuwabagua watu kwa rangi namna ile kulikuwa ni kuwadhalilisha utu wao, na waliodhalilishwa walikuwa 25 kati ya waliolalamika. Taarifa hiyo haikutangazwa rasmi hadi mwaka 1994. Wengi wa wenye shauri walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kuingia Uingereza, na wengine wamekwisha kuzeeka.

NGAZI ZA RUFANI

Wazee wetu wanaifahamu rufani, hata wasiosoma sheria. Zamani za ukoloni shauri lingeweza kuanza katika baraza la mahali, likapanda hadi Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, na mengine yakavuka bahari hadi London. Ngazi za uhamiaji za Uingereza zafanana na hizo, nazo zilipangwa upya mwezi wa Februari, 2010. Ya kwanza tutaiita Baraza la Kwanza, ambamo jaji husikiliza mashahidi na kupima ukweli wa maneno yao. Juu yake liko Baraza la Pili. Juu ya hilo iko Mahakama ya Rufani. Na juu ya yote iko Mahakama ya Juu, iliyoanza kazi mwezi wa Oktoba, 2009, ikashika mahali pa Malodi wa Sheria waliokuwa wakikaa katika Baraza la Malodi. (Uskoti ina mahakama yake ya rufani, lakini mwisho wa ngazi ni ule ule mmoja.)

Si kila aliyekataliwa ana haki ya kukata rufani. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 2014 ilipunguza sana haki hiyo. Kwa jumla waliobaki nayo ni mtu aliyeomba hifadhi ya ukimbizi akakataliwa, mtu aliyedai kwamba kuondoshwa kwake kutavunja haki zake za kibinadamu, kama vile haki ya maisha ya jamaa yake, na mtu aliyenyang'anywa hifadhi aliyokwisha kupewa. Mwanafunzi aliyenyimwa viza, au mfanya kazi ambaye karatasi za mwajiri wake zilikuwa na kasoro, aghalabu hana rufani. Yeye huweza kuomba Wizara iutazame tena uamuzi wake yenyewe, na ikikataa, yambakia njia ya pili ambayo tutaieleza hapa chini.

Siku nazo zahesabiwa. Kwa kanuni za mwaka 2014, aliye ndani ya Uingereza ana siku 14 tangu kupelekewa uamuzi, na aliye nje ana siku 28. Akishindwa katika Baraza la Kwanza hawezi kupanda mpaka apate ruhusa, nayo ruhusa huombwa kwanza kwa Baraza la Kwanza lenyewe. Likikataa, huombwa kwa Baraza la Pili. Mtu anayengoja jamaa wafanye mkutano, wachange fedha, kisha watafute wakili anayejulikana na mjomba, atakuta siku 14 zimekwisha zamani. Jaji aweza kumruhusu aliyechelewa kwa sababu nzuri, lakini hakuna mtu anayepaswa kuutegemea wema huo.

Na tuseme neno juu ya washauri. Katika Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1999, ni kosa la jinai mtu kutoa ushauri wa uhamiaji kama kazi yake bila kuandikishwa au kuwa mwanasheria aliyeidhinishwa. Yule bwana anayepokea fedha nyuma ya duka la simu na kusema ana rafiki Wizarani, yeye mwenyewe ndiye avunjaye sheria, na rufani aliyoiandika vibaya humharibia mteja wake hadi ngazi ya juu kabisa, kwa sababu ambazo sasa tutazieleza.

MAJAJI WA JUU WANAULIZA NINI?

Watu wengi hudhani kwamba kwenda mahakama ya juu ni kuanza upya: utasimama tena, utaeleza tena, na jaji mkubwa zaidi atakuwa na huruma kubwa zaidi. Sivyo. Baraza la Pili hulitazama swali moja: je, Baraza la Kwanza lilifanya kosa la sheria?

Kosa la sheria si sawa na kosa la kawaida. Tuchukue mfano. Mama anasema alikimbia kijiji chake kwa kuwa watu wenye silaha walimtafuta. Jaji wa kwanza anamsikiliza siku nzima, kisha anasema: simwamini, maana alisema alitoroka usiku, na mahali pengine akasema ilikuwa alfajiri. Huenda jaji mwingine angemwamini. Lakini hilo peke yake halitoshi kuitangua hukumu, kwa kuwa kupima ukweli wa shahidi ni kazi aliyopewa jaji aliyemwona kwa macho. Mambo hugeuka kama ilikuwako barua ya daktari iliyoeleza makovu ya mama huyo, na jaji hakuitaja hata kidogo. Au kama jaji alisema tu "simwamini" asitoe sababu. Au alitegemea jambo ambalo halikuthibitishwa na mtu ye yote, au alimnyima wakili nafasi ya kuuliza maswali, au alifikia uamuzi ambao hakuna jaji mwenye akili angeweza kuufikia kwa ushahidi ule. Au alitaka ushahidi mzito kupita kiasi, maana katika shauri la mkimbizi sheria haitaki mtu athibitishe kwamba hakika atateswa akirudishwa. Yatosha aonyeshe kwamba iko hatari ya kweli. Hayo ndiyo makosa ya sheria, nayo Mahakama ya Rufani iliyaorodhesha kwa uwazi katika hukumu moja ya mwaka 2005.

Sasa msomaji ataona kwa nini rufani iliyoandikwa vibaya mwanzoni haiponi juu. Barua ya daktari isiyopelekwa kwa Baraza la Kwanza haikupuuzwa na jaji, haikuwako. Majaji wa juu hukubali ushahidi mpya kwa nadra na kwa masharti.

Kadiri shauri linavyopanda ndivyo mlango unavyozidi kuwa mwembamba. Atakaye kwenda Mahakama ya Rufani kutoka Baraza la Pili hana budi kuonyesha kwamba shauri lake linaleta jambo kubwa la kanuni au la utaratibu, au kwamba iko sababu nyingine yenye nguvu sana. Mahakama ya Juu hupokea tu mashauri yenye swali la sheria ambalo umma wote unahitaji jibu lake. Mtu aweza kuwa amedhulumiwa kweli kweli, na shauri lake lisipokelewe, kwa sababu udhalimu wake hauleti swali jipya. Hili ni gumu kulieleza kwa mtu ambaye mizigo yake iko mlangoni, lakini ndivyo ilivyo. Tena mwaka 2007 Malodi wa Sheria waliwakumbusha majaji wenzao kwamba mabaraza ya uhamiaji yana ujuzi wa kazi yao, na kwamba mahakama za kawaida zisikimbilie kutafuta makosa madogo katika maneno yao.

Hata hivyo majaji wenyewe wamelalamika juu ya kanuni wanazopewa. Mwaka 2013 Lord Justice Jackson wa Mahakama ya Rufani alisema kwamba kanuni za uhamiaji zimefikia utata ambao hata wafalme wa Byzantium wangeuonea wivu. Mwandishi wa habari hizi, ambaye kazi yake ni kutafsiri maneno ya Serikali, hana la kuongeza hapo.

NJIA YA PILI

Yule asiye na rufani aweza kuomba uamuzi wenyewe uchunguzwe kama ulifuata sheria. Ombi la uchunguzi huo lapaswa kupelekwa upesi, wala lisipite miezi mitatu. Tangu mwaka 2013 maombi mengi ya namna hii yahusuyo uhamiaji husikilizwa na Baraza la Pili badala ya Mahakama Kuu.

Tofauti ya njia hizi mbili yaweza kuonekana katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Chifu amekata mpaka, nawe huridhiki. Ukikata rufani, wazee wa juu watauliza: mpaka wa haki uko wapi? Nao waweza kuusogeza. Lakini ukiomba uchunguzi, watauliza maswali mengine: je, chifu alikuwa na mamlaka ya kuukata mpaka huo? Aliwasikiliza wote wawili? Aliyatazama yale mawe yaliyowekwa na babu zenu, au aliyapita tu? Kama alikosea, watamwambia akaamue tena kwa njia iliyo sawa. Aweza kuamua tena na mpaka ukabaki pale pale. Ndiyo maana mtu asifurahi mno kusikia kwamba jamaa yake "ameshinda kortini". Mara nyingi ameshinda nafasi ya kuamuliwa upya, na paspoti yake haijapigwa mhuri bado.

Kwa miaka kadhaa palikuwa na mlango mwingine mdogo. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2011 kwamba hata uamuzi wa Baraza la Pili wa kukataa ruhusa ya rufani uliweza kuchunguzwa na Mahakama Kuu, ila kwa masharti magumu. Bunge likaufunga mlango huo kwa sheria ya mwaka 2022, likaacha nafasi ndogo tu, kama vile pale ambapo haki ya asili ya kusikilizwa imevunjwa vibaya. Kwa mtu wa kawaida basi, Baraza la Pili likikataa ruhusa, safari imefika ukingoni.

MGANDA NA MAMA WA TANZANIA

Sasa na tutazame mashauri machache yaliyofika juu kabisa. Mwaka 1987 Malodi wa Sheria walisikiliza shauri la mtu wa Uganda ambaye alikuwa amekimbilia Kenya, kisha akaenda Uingereza na kuomba hifadhi. Waziri akasema: arudi Kenya, ni nchi ya salama. Lakini palikuwa na ushahidi kwamba baadhi ya wakimbizi wa Uganda walikuwa wametiwa mikononi mwa Uganda kutoka Kenya. Waziri hakulipima jambo hilo alipoamua. Malodi wakautangua uamuzi wake, wakasema kwamba pale ambapo kosa laweza kumgharimu mtu maisha yake, mahakama haina budi kuuchunguza uamuzi kwa makini kupita kawaida. Watu wengine watatu, ambao mashauri yao yalisikilizwa pamoja na la yule Mganda, walishindwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa wao waliwataka majaji waamue wenyewe ni nani mkimbizi, na majaji wakasema hiyo ni kazi ya Waziri. Ukiziweka hukumu hizo mbili pamoja utaelewa mipaka ya kazi ya majaji wa juu kuliko kwa maelezo marefu.

Shauri la mwaka 2011 lajulikana kwa herufi tu, Z.H. wa Tanzania. Alikuwa mama aliyeishi Uingereza kwa miaka zaidi ya 10, akazaa huko watoto wawili na raia wa Uingereza. Na watoto wakawa raia kama baba yao. Mama mwenyewe hakuwa na rekodi njema. Alikuwa ameomba hifadhi zaidi ya mara moja, na kwa majina yasiyo yake, na kila mara akakataliwa. Mahakama za chini zilisema aondoke. Kama watoto watamfuata au watabaki na baba, ni hiari ya jamaa.

Lady Hale, aliyeandika hukumu kubwa ya Mahakama ya Juu, alilianza jambo kutoka upande wa watoto. Sheria ya mwaka 2009 yaitaka Wizara iangalie usalama na ustawi wa watoto walioko Uingereza, na Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto yataka faida ya mtoto iwe miongoni mwa mambo ya kwanza kutazamwa. Hakusema kwamba mtoto hushinda daima. Alisema kwamba huulizwa kwanza lililo jema kwa mtoto, kisha ndipo hupimwa kama mambo mengine, yakijumlishwa, yana uzito wa kulishinda hilo. Uraia wa watoto una thamani yake wenyewe: wana haki ya kukulia katika nchi yao, katika lugha yao na shule zao. Na uwongo wa mama, hata uwe mkubwa namna gani, si kosa la watoto, wala wao wasiadhibiwe kwa ajili yake. Mama alibaki. Tangu siku ile hakuna jaji wa uhamiaji katika Uingereza awezaye kuandika hukumu juu ya mzazi bila kuandika habari za watoto.

ONDOKA KWANZA, RUFANI BAADAYE

Sheria ya mwaka 2014 ilimpa Waziri uwezo wa kumwondosha mgeni aliyehukumiwa kwa kosa la jinai kabla rufani yake ya haki za kibinadamu haijasikilizwa. Angeweza kukata rufani, lakini kutoka nchi aliyorudishwa. Watu wawili walioguswa na amri hiyo, mmoja wa Kenya na mmoja wa Jamaika, walipanda ngazi zote. Yule wa Kenya alikuwa amefika Uingereza na jamaa zake akiwa mtoto mdogo. Mahakama ya Rufani iliwakatalia.

Tarehe 14 Juni, 2017, Mahakama ya Juu ikawapa haki. Lord Wilson hakusema kwamba wahalifu wasifukuzwe. Aliuliza swali la kazi: mtu aliye Nairobi au Kingston ataiendesha vipi rufani yake? Wakili atamlipa nani, na watasemezana vipi? Msimamizi wa wafungwa waliofunguliwa, ambaye angeweza kueleza kama mtu huyu amebadilika, atapatikana wapi? Na jaji atamwonaje? Kutoa ushahidi kwa skrini kutoka ng'ambo kulitaka vyombo na fedha ambazo ilimpasa mkata rufani mwenyewe kuzitafuta. Mahakama ilitaja hesabu: hadi mwisho wa mwaka 2016 hati 1,175 za namna hiyo zilikuwa zimetolewa, watu 72 tu walikuwa wamekata rufani kutoka nje, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekwisha kushinda. Haki ya rufani isiyoweza kutumika, majaji waliona, haitimizi heshima ambayo sheria yaitaka kwa maisha ya mtu na jamaa yake. Hati za wale wawili zikatanguliwa. Rufani zao zenyewe zilikuwa bado kusikilizwa.

SHAURI LA RWANDA

Mwezi wa Aprili, 2022, Serikali ya Uingereza ilitangaza mapatano na Rwanda. Watu waliofika kwa mashua ndogo kuomba hifadhi wangepelekwa Kigali, na maombi yao yangeamuliwa huko. Ndege ya kwanza ilipokuwa tayari, mwezi wa Juni, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Strasbourg iliizuia usiku ule ule. Mwezi wa Desemba Mahakama Kuu ya London ikasema mpango ni halali. Mwezi wa Juni, 2023, Mahakama ya Rufani ikasema si halali, majaji wawili wakikubaliana na mmoja akipinga. Tarehe 15 Novemba, 2023, majaji watano wa Mahakama ya Juu, wakiongozwa na Lord Reed, wakatoa hukumu kwa sauti moja: watu wasipelekwe.

Hukumu hiyo yafaa kusomwa bila hasira. Majaji hawakusema kwamba ni kosa kumpeleka mkimbizi nchi ya tatu, wala hawakusema kwamba Rwanda ilifanya mapatano kwa hila. Walikubali kwamba ilikuwa na nia njema. Walitazama jinsi maombi yanavyoamuliwa Kigali. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, lenye uzoefu wa miaka mingi huko, lilileta ushahidi kwamba katika miaka ya karibuni maombi yote ya watu wa Syria, Yemen na Afghanistan yaliyoamuliwa huko yalikataliwa, ingawa nchi hizo zajulikana kwa vita. Ilionekana pia kwamba tangu mwaka 2018 sheria ya Rwanda ilimpa aliyekataliwa rufani kwenye Mahakama Kuu ya huko, lakini hapakuwa na rufani hata moja iliyokwisha kusikilizwa. Kwa hiyo ilikuwako hatari ya kweli kwamba mkimbizi wa haki angekataliwa kwa makosa, kisha arudishwe alikokimbia. Ni swali lile lile la yule Mganda wa mwaka 1987: si kama nchi ya pili ni njema, bali kama mtu atakaa salama huko au atasukumwa mbele.

Na hapa msomaji ataona tena nguvu ya Bunge la Uingereza. Mwezi wa Aprili, 2024, Bunge lilitunga sheria ya kusema kwamba Rwanda ni nchi ya salama, na kwamba kila mwenye kuamua aichukulie hivyo. Serikali ilibadilika baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Julai mwaka huo, na Waziri Mkuu mpya akaufuta mpango kabla hata mtu mmoja hajapelekwa kwa nguvu.

HAPA KENYA

Si Uingereza peke yake ambako majaji wamesimama kati ya mgeni na amri ya Serikali. Mwezi wa Desemba, 2012, wakimbizi wote waliokaa mijini katika Kenya waliamriwa kuhamia makambi ya Dadaab na Kakuma. Shirika la Kituo cha Sheria na wakimbizi wenyewe walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi, na tarehe 26 Julai, 2013, amri hiyo ikatanguliwa. Mwaka 2016 Serikali ikatangaza kwamba kambi ya Dadaab itafungwa. Tarehe 9 Februari, 2017, Mahakama Kuu ikasema tangazo hilo lavunja Katiba, kwa kuwa liliwabagua wakimbizi wa Kisomali na kuwaadhibu wote kwa pamoja. Na mgeni mmoja mmoja naye hakuachwa bila njia: Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 yamruhusu mtu aliyeudhiwa na uamuzi wa ofisa kuupeleka mbele ya Mahakama Kuu, na asiporidhika huko aweza kuendelea hadi Mahakama ya Rufani.